Veranda ya Mama Lornah

Watu wa Nyamasaria hujenga veranda kwa sababu nyingi. Kuna anayetaka majirani waone viti vyake vipya, na kuna yule ambaye mkewe amemfukuza nje na sigara zake. Dalmas Oduor alijenga yake kwa sababu ya mkewe, na wakati huo mkewe alikuwa amekufa miaka miwili.

Beldina, Mama Lornah, alizikwa mwaka wa themanini na saba, mbele ya nyumba, mkono wa kushoto wa mlango, vile mke wa boma huzikwa kwao. Lakini Dalmas siku ile alikuwa analia, haoni vizuri, akawaonyesha wachimbaji mahali karibu sana na ukuta. Mvua ilipokuja, maji yote ya mabati yakawa yanamwagikia kichwa cha marehemu. Dalmas alikuwa analala akiyasikia yakichimba. Akavumilia misimu miwili, halafu akauza ng'ombe, akanunua mabati mengine, akasimamisha nguzo nne na kumwaga sakafu ya saruji kuzunguka kaburi lote. Kaburi lenyewe likabaki limeinuka kama futi moja na nusu, limelainishwa vizuri, na msalaba upande wa kichwa.

Hapo ndipo alikuwa anakunywa chai kila asubuhi, akimpa Beldina habari: bei ya omena, nani ameoa, nani amenunua redio na hana betri. Rosa, jirani yake, alikuwa anasema marehemu sasa ndio anapata mazungumzo aliyonyimwa akiwa hai. Dalmas alimjibu kwamba siku hizi angalau hakatizwi. Watu wakacheka, naye akacheka, lakini kicheko cha mdomo tu.

Basi mwaka wa tisini na moja kanjo, yaani baraza la mji, wakakumbuka kwamba Nyamasaria nayo ni mji. Wakapita na rangi nyekundu. Kwa nguzo ya Dalmas wakachora alama ya X, wakaacha na karatasi: veranda hii iletewe ramani, iliyochorwa na mtu wa kazi hiyo, ipitishwe ndani ya siku thelathini, ama ibomolewe. Dalmas alikuwa karani wa stoo ya pamba miaka ishirini, karatasi hazikumtisha. Kilichomshangaza ni kuchorewa ramani kitu ambacho tayari kimesimama. Ni kama kuambiwa uombe ruhusa ya kuzaliwa, na ndevu tayari unazo.

Akaenda kwa Jaswant, Kalasinga mzee aliyekuwa anachora ramani ghorofani, juu ya duka la misumari, na ambaye lugha yake ya Dholuo ilikuwa safi kuliko ya vijana wengi wa mjini. Jaswant akaja mwenyewe na tepu. Dalmas akashika mwisho mmoja. Wakapima urefu, upana, nguzo kwa nguzo, mpaka wakafika pale palipoinuka.

"Na hii?" Jaswant akauliza.

"Mama Lornah."

Jaswant akaacha tepu ijikunje. Akavua viatu, akaviweka kwenye nyasi, ndipo akaendelea kupima, pole pole, bila kuligusa kaburi. Alipomaliza akasema yeye kawaida huchora kilichoko. Lakini akiandika kaburi, hiyo ramani haitatoka mezani kwa watu wa kanjo. Watasema nyumba ya kuishi haiwezi kufunika kaburi.

"Watakwambia uondoe mabati, ama uondoe yeye."

"Aende wapi?"

"Makaburi ya mjini."

"Katikati ya watu hajui?"

Jaswant akachukua viatu vyake. "Naweza kuandika benchi. Benchi ya saruji. Lakini huo msalaba usionekane siku ya kukaguliwa."

Dalmas akamshukuru kwa heshima, akamsindikiza mpaka barabarani, na kwa siku ishirini hakumtafuta. Binti yake Lornah, muuguzi huko Kombewa, akaja Jumapili kumbembeleza. Akamwambia mama hatasoma hiyo ramani. Dalmas akasema ameishi na huyo mwanamke miaka thelathini na moja na hajawahi kumuona akiketi kwa benchi. Hata kanisani alisimama mlangoni, tayari kukimbilia sufuria yake. Sasa leo aandikwe benchi? Lornah akalia. Siku ya ishirini na sita Dalmas akapanda ngazi za Jaswant, akasema neno moja, "Andika," akashuka.

Msalaba waliutoa na patasi, yeye na Lornah. Ulikatika vipande viwili. Wakavifunga kwa shuka na kuviingiza chumbani.

Mkaguzi alikuwa kijana anaitwa Wasike, na shida ni kwamba alikuwa mtu mzuri. Angekuwa mkali, Dalmas angejua la kufanya. Alisalimia kwa mikono miwili, akalinganisha ramani na veranda. Nguzo nne, ziko. Upana, sawa. Benchi, iko. Alikuwa ametembea tangu Obunga juani, kwa hivyo akajiketisha juu yake, akafungua faili magotini.

Dalmas alibaki amesimama.

"Keti, Mzee. Unasimama kwako kama mgeni?"

Lornah alikuwa mlangoni na glasi ya maji, haendi mbele wala nyuma. Dalmas akaona akikataa ataulizwa sababu. Akaketi ukingoni.

Wasike akapigapiga saruji na kiganja. "Hii haitapasuka leo wala kesho. Fundi alikuwa nani?"

"Mimi."

"Ulimtengenezea nani?"

"Mke wangu."

"Na amefurahi?"

"Hajasema."

Wasike akacheka, akasema wanawake ndio hivyo, akatia sahihi na kugonga muhuri palepale, faili ikiwa juu ya benchi. Akanywa maji yake, akashukuru, akaenda.

Lornah aliporudi mwezi uliofuata alikuta mlango wa mbele umefungwa komeo kwa ndani. Akazunguka nyuma, akamkuta baba yake kwa mlango wa jikoni, ameketi juu ya debe, chai imeshikwa mkononi. Akamuuliza kama kanjo wamerudi. Hapana. Kama amegombana na mtu. Hapana, karatasi iko, na veranda haina taabu.

"Basi mbona hukai huko na mama?"

Dalmas aliangalia chai yake.

"Yule kijana hakujua," akasema. "Mimi nilijua, na nikaketi."

Lornah akavuta gogo la kuni, akakaa karibu naye, wakiangalia uzio wa nyuma, mahali ambapo hapakuwa na kitu.