Mwiba wa Mumi

Wiki ile sikutulia. Nilikuwa karani wa mizani katika shamba moja la chai upande wa Kericho, miaka ya mwanzo ya sabini, na kila baada ya dakika chache nilitoka kibandani kuwachungulia wapogoaji wakikata matawi ya michai. Nilitaka kuona jirani yangu anashika kisu kwa mkono gani. Jumatatu alishika kwa kulia. Jumanne akahamia kushoto. Jumatano hakuja.

Hakukuwa na mpogoaji kama yeye. Alitoka upande wa Ndanai, alikuzwa kwa maziwa ya ng'ombe na ugali wa wimbi, na kwao samaki alihesabiwa pamoja na nyoka. Mimi nilizaliwa kando ya ziwa. Mwezi mzima nilimtania kwamba mwanamume mzima anaogopa kitu kisicho na miguu, mpaka Jumapili iliyotangulia akakubali kwenda nami kuvua kwenye bwawa la shamba.

Ndoana yake ndiyo iliyonasa kwanza. Alivuta mumi, kambare mkubwa, mweusi, mwenye masharubu marefu, akamtupa nyasini.

"Sasa nashika wapi?" akaniuliza.

"Shika tu popote," nikamjibu.

Niliyasema hayo nikijua. Mumi ana miiba miwili, mmoja kila upande nyuma ya kichwa, na akishtuka huitanua na kuikaza. Humshiki ubavuni. Unamkandamiza kwa gunia bichi, unamshika kwa juu, vidole vikiwa nyuma ya ile miiba, ndipo unamtoa ndoana. Nayajua haya kwa kuchomwa. Wajomba zangu hawakumwambia mtu lolote siku yake ya kwanza kushika mumi. Walimwacha achomwe, wakacheka mpaka wakakaa chini, kisha wakamfundisha, na tangu siku hiyo akawa mvuvi kama wao. Nilikuwa mbali na nyumbani, na nilikitamani sana kicheko kile.

Akamkumbatia yule samaki kwa mikono miwili. Mwiba ukaingia chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, samaki akajipinda, nikasikia kitu kikikatika. Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Wajomba wangetia mkono ule kwenye maji ya moto na kutafuta ncha ya mwiba hapo hapo. Nilimwambia twende kwangu nichemshe maji. Akakataa katakata.

"Mama watoto asijue nilishika hiyo kitu. Nitasema ni kijiti cha chai ilinidunga."

Nami nikakubali, kwa sababu uongo ule ulinifaa hata mimi.

Basi Jumatano nilipoona hayupo, niliacha mizani na kwenda nyumbani kwake nusu nikikimbia. Mkono ulikuwa umevimba mpaka juu ya kifundo, ngozi inang'aa, naye anatetemeka kwa homa. Mimi na mkewe tukampeleka hospitali. Kwenye foleni nilikaa, nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi, hadi mlinzi akaniuliza kama ni mimi mgonjwa.

"Nini ilikudunga?" dresa, mfunga vidonda, akauliza.

"Kijiti ya chai."

"Imebaki ndani? Kama hakuna kitu ndani nasafisha tu, nakupa dawa, unaenda. Kama iko, lazima nipasue."

"Hakuna kitu."

Jirani yangu akanitazama mimi aliposema hivyo, na macho yake yalikuwa yananiomba.

"Ni samaki," nikasema. "Mwiba ulikatikia ndani."

Sikuthubutu kumtazama mkewe. Ndiye aliyenijibu.

"Shemeji, mimi nilijua Jumapili. Hiyo mikono ilikuwa inanuka samaki mpaka kwa blanketi. Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe."

"Nyinyi wote mnajua," dresa akasema, "na mkono inaoza."

Akapasua. Kipande kilichotoka hakikuzidi punje ya mchele. Baada ya kufunga bandeji alituambia mkono umeepuka hatari, ila kile kidole huenda kisikunjike tena. Mpogoaji hukamata kisu kwa kidole hicho. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Tulipotoka nje, jirani yangu alisimama uani akajaribu kufunga vifungo vya koti kwa mkono wa kushoto. Kisha akaniuliza, bila ukali, "Wewe ulikuwa unajua hiyo samaki iko na mwiba?"

Ningeweza kusema nilisahau. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni.

"Nilijua," nikasema.

Akarudi kwenye vifungo vyake. Kifungo kikamponyoka tena, nikanyoosha mkono nimsaidie. Akarudi nyuma hatua moja, akamgeukia mkewe, naye akamfungia koti lote mpaka shingoni huku mimi nikiwatazama.