Chini ya Mchanga wa Kiritiri

Mwanangu, ipo siku moja ya kiangazi ambayo hainitoki akilini. Nilikuwa kijana, tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la Ami Idris, mdogo wake marehemu baba. Tulitoka Meru mjini alfajiri, tukateremka hadi Kiritiri kupakia mchanga. Ukame ulikuwa umeibana nchi ile. Hata mbuzi walibaki mifupa.

Nilikuwa nachimba chini ya ukingo mrefu wa mto uliokauka pamoja na Nyaga, kijana wa Kimbeere. Ghafla nikamsikia akipiga kelele, "Toka!" Yeye alitoka. Mimi nilinyanyua mguu, sikuwahi kuutua.

Mchanga ulinifukia hadi kifuani, mkono wa kulia ukiwa ndani. Kila nilipotoa pumzi, mchanga ulisogea ukaichukua nafasi yake. Nilipotaka kuvuta nyingine, hapakuwa na mahali pa kuiweka.

Nyaga alikimbilia kamba. "Mzee, tufunge yeye, lori ivute!"

"Itamkata," Ami akasema. "Leta karai. Tutatoa kwa mikono."

Hata sepetu alizikataa, kwa kuwa ufa mwingine ulikuwa umeshafunguka juu yetu na mtikiso ungeuangusha ukingo. Wangeweza kukaa mbali, mwanangu, na nisingewalaumu. Walipiga magoti chini ya ule ufa, wakaanza kuchota.

Nikalia. "Ami, niacheni. Mwambie mama anisamehe."

Aliacha kuchota. Hasira niliyoiona machoni mwake sikuwahi kuiona kabla. "Nani amekuambia Mungu amemalizana na wewe? Umeshushiwa wahyi?"

"Kwani nitatoka?"

Nilitamani aseme ndiyo.

"Sijui," akasema. "Ninachojua, mkono wako wa kushoto uko huru. Unafanya nini?"

Niliutazama. Ulikuwa umelala tu juu ya mchanga, kama si wangu.

"Basi chota. Pumua kidogo kidogo, usiwe na pupa. Usifikirie kutoka. Fikiria konzi moja ya mchanga."

Nikachota konzi, nikatupa. Mchanga ukarudi. Nikachota tena. Ami alinisemesha muda wote, akinikumbusha habari za Nabii Yaqub, aliyelia hadi macho yakapofuka, ila bado akawaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf, wala wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. "Umesikia? Hakuwaambia wakae wangoje. Aliwaambia waende!"

Mchanga ukamwagika kutoka juu, ukanijaa mdomoni. Nyaga alimwomba Mungu kwa Kimbeere, sauti ikitetemeka, lakini magoti yake hayakuondoka pale.

Walinitoa jua likiwa limekwisha kupinda. Nyonga ilikuwa imevunjika, na hiyo ndiyo sababu ya mkongojo huu unaouona. Sikutoka mzima. Nilitoka hai.

Hofu haikuniacha hata dakika moja mle ndani, ila mkono ulipopata kazi, hofu ilibanwa ikakaa pembeni. Dada yako, ambaye sasa anawapa ushauri wagonjwa wa mawazo, huniambia hata wao washauri huanza hivyo: mtu aliyezidiwa humtafutia jambo dogo analoliweza, akili ipate pa kushika. Ami hakusomea hayo. Alikuwa na hofu tu ya kunipoteza.

Nakwambia haya kwa kuwa tangu kazi yako ikatike hutoki chumbani, simu hupokei, na juzi ulimwambia mama yako kwamba yako yamekwisha. Yamekwisha kwa hukumu ya nani? Mja hajui kesho yake. Matumaini si kujidanganya kwamba ukingo hautaanguka. Lia ukitaka, Yaqub alilia na alikuwa Nabii. Kisha oga, swali, toka nje, fanya lile moja lililo mbele yako leo. Na watu wakija kukuchimbua, usiwafukuze.

Wahenga walisema baada ya dhiki faraja, na ni kweli. Lakini Qur'ani inasema pamoja na uzito upo wepesi. Pamoja nao, mwanangu. Mimi nilikuwa bado nimefukiwa, na wepesi wangu ulikuwa umeshafika, watu wawili, mmoja Mwislamu na mmoja Mkristo, wakichota mchanga kwa kucha.

Mwenyezi Mungu akipanue kifua chako, akufungulie mlango usioudhania, na akuweke karibu na watu wasiokukimbia. Amin. Haya, inuka, mama yako amekuwekea chai.