Dawa Haina Ujamaa

Zahanati yetu ilikuwa na vyumba viwili na baraza, na kazi kubwa ilikuwa barazani. Watu walifika, wakaketi, wakanyoosha miguu, na kabla hawajaniambia kilichowaleta wakaanza kunitazama mimi. "Sista, umekonda." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu ya kila asubuhi. Nilikuwa nimekonda kweli. Nilitoka Musoma mjini, nilikuwa sijazoea kupika kwa kuni za mvua, na duka la kijiji lilikuwa na viberiti na chumvi, mara nyingine hata hivyo viwili havikuwepo.

Kijiji kilikuwa upande wa Nyanungu, kipya, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara kwa amri ya serikali. Wazee waliohamishwa kutoka kwenye maboma yao ya zamani walikuwa bado wanalaumu. Walisema sasa mtu akikohoa jirani anaitikia. Mimi niliupenda mpango ule kwa sababu moja tu: mgonjwa hakuwa mbali.

Mganga wa zahanati, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika dawa, alipelekwa masomoni, nikabaki mimi niliyesomea kuuguza. Kabla hajaondoka alinisimamisha mbele ya kabati la dawa kama mtoto wa shule. Pima uzito kwanza, akasema. Uliza amekunywa nini kabla ya kuja kwako. Uliza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Na usimpige mtu sindano kwa sababu ameiomba. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa jasho, maana kijijini pale ukimpa mtu vidonge bila sindano alijiona amedharauliwa. Kuna mama mmoja alinigeuzia bega papo hapo barazani, akaniambia nichome tu, dawa itajua yenyewe pa kwenda.

Nilikuwa naogopa, nisiseme uongo. Kukata kidonge kwa wembe kwa ajili ya mtoto, ukijua kwamba kipande kikizidi ni wewe na kikipungua ni wewe, si mchezo. Hofu yangu ilitokea mdomoni. Nilikuwa mkali. Nikieleza namna ya kunywa dawa, nilimlazimisha mtu aniambie tena kwa maneno yake, na akikosea nilianza upya, huku foleni inaguna.

Nyumba iliyopakana na zahanati ilikuwa ya bibi mmoja wa Kikurya, mrefu, mwenye masikio yaliyotobolewa na sauti ya kuitia ng'ombe. Alilea wajukuu wengi, wa wanawe waliokuwa huku na huko. Wote walikula sahani moja, na ole wake atakayepeleka mkono mara mbili kabla mwenzake hajapeleka mara moja. Siku moja alimleta mjukuu wake wa kike, wa umri wa kung'oka meno ya mbele, anahema kwa shida na mwili unawaka. Nikasikiliza kifua. Nimonia. Sindano za penisilini zilikuwa zimeisha, na Landrova ya dawa kutoka Tarime haikuwa na siku maalumu. Vidonge vilikuwepo. Nikapima uzito, nikauliza yote ya kuuliza, nikahesabu, nikafunga kwenye kipande cha gazeti. Bibi akarudia maelezo yangu bila kukosea hata neno. Nikampenda.

Baada ya siku chache akarudi, mtoto mgongoni. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi.

"Bibi, vidonge viko wapi?"

"Vimeisha."

"Vimeishaje? Vilikuwa vya wiki nzima!"

Alinitazama kwa fahari, kama mtu anayesubiri kusifiwa. "Niliwagawia wote, sista. Asubuhi kila mtoto chake, mchana, alasiri na jioni kila mtoto chake. Huyu nilimpa wa kwanza, kwa kuwa ndiye mgonjwa. Mbona walitufundisha mkutanoni? Cha mmoja ni cha wote. Hata mimi nilionja."

Nilimwona yule mtoto anavyohema, nikakumbuka kwamba kopo la penisilini lilikuwa limebaki na dozi yake moja tu, na hasira ikanipanda mpaka utosini.

"Dawa haina ujamaa!" nikapiga kelele.

Baraza zima likanigeukia. Kwenye benchi, mguu mmoja wa suruali umekunjwa hadi gotini, alikuwa ameketi katibu wa tawi la Chama, amekuja kusafishwa kidonda.

"Umesemaje, sista?"

Mtu mwenye akili angesema nimekosea. "Nimesema dawa haina ujamaa."

Katibu akasimama, akaondoka na bandeji niliyokuwa sijamaliza kuifunga inamfuata nyuma kwenye vumbi. Watu walitaka kucheka, wakaogopa. Alasiri ile nikaletewa habari kwamba kuna mkutano wa kijiji, na mimi ndiye ajenda. Siku zile maneno kama yale hayakuwa ya utani. Mtumishi aliyepinga siasa mbele ya wananchi aliweza kufungashwa virago, na zahanati ingefungwa mpaka apatikane mwingine.

Lakini mimi nilikuwa na la kunikosesha raha zaidi ya mkutano. Mtoto alikuwa hawezi kufika Tarime kwa miguu ya mtu yeyote, na gari halikuwepo. Dozi iliyobaki ilikuwa yake yote, na ikigawanywa tena ningekuwa sina cha kumpa. Nikamwambia bibi kwamba safari hii vidonge vinabaki kabatini kwangu. Atamleta mtoto asubuhi, mchana, alasiri na jioni, ameze mbele yangu.

"Na wenzake?"

"Wenzake ni wazima."

"Watamtazama," akasema bibi, na nikaona macho yake yamejaa machozi. Alikuwa hadanganyi. Kwake yeye kumlisha mtoto mmoja wengine wakitazama kilikuwa kitendo cha mtu asiye na utu. Nikamweleza polepole, bila ukali sasa, kwamba dawa inayomponya huyu inaweza kumdhuru yule asiyeihitaji, na huyu akipata nusu ni sawa na kutopata kabisa. Alisikiliza. Alikubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Akamleta, na wenzake wote nyuma yake, mstari mmoja. Nilimpa kidonge. Wale wengine wakafumbua midomo kama makinda. Nikabaki nimeshika kikombe. Kisha nikaenda ndani kwangu nikachukua sukari yangu kidogo iliyobaki, nikaikoroga kwenye maji, nikawapa kila mmoja kijiko. Wakaenda zao wameridhika, na tangu hapo ikawa ndiyo desturi.

Siku iliyofuata nilimkamata mgonjwa wangu nyuma ya zahanati. Alikuwa amekificha kidonge shavuni. Sasa amekitoa, kimeanza kuyeyuka, anajaribu kukikata kwa kucha ampe mdogo wake. Nilitaka kufoka, sikuweza. Alikuwa hana nguvu hata ya kusimama sawasawa, na bado alikuwa anagawa. Nikambeba, nikamrudisha ndani, akameza, nikamwambia afumbue mdomo, nikatazama mpaka chini ya ulimi. Nilifanya hivyo kila mara baada ya hapo. Nilimpenda mtoto yule kwa namna ambayo muuguzi hatakiwi kumpenda mgonjwa mmoja.

Mkutano ulifanyika shuleni siku chache baadaye. Katibu aliongea kirefu: kuna watumishi waliokuja na mawazo ya mjini, wanawafundisha wananchi ubinafsi. Nilisimama nikaeleza habari za dozi, nikaona nyuso za watu hazinielewi. Ndipo bibi akainuka, bila kuruhusiwa, mjukuu mgongoni.

"Mura," akamwambia katibu, kwa kuwa kwake yeye katibu alikuwa kijana tu, "hiki kijiji kina shamba?"

"Kina shamba, mama."

"Litalimwa na nani mkishazeeka?"

"Na watoto hawa."

"Huyu kidogo nimwue kwa kugawa. Sista ananirudishia. Jana amekula ugali." Akageuka ili watu wote wamwone mtoto. Alikuwa amelala, anahema taratibu, mate yanamtoka. "Sasa mkimfukuza sista, nani atammezesha vidonge vilivyobaki?"

Watu wakaanza kusema kwa Kikurya, wote kwa pamoja, na wanawake walikuwa na sauti kubwa zaidi. Katibu hakuwa mtu mbaya, na kidonda chake kilikuwa hakijapona. Alikohoa, akasema suala limeeleweka, lakini lugha isahihishwe. Nikatakiwa kusema mbele ya mkutano kwamba dawa ni mali ya kijiji na dozi ni ya mgonjwa. Nikasema. Wakapiga makofi. Kesho yake katibu akaja kufungwa bandeji.

Kwa miezi mingi baadaye nikimkabidhi mtu dawa niliuliza, "Dozi ni ya nani?" na baraza lote likajibu, "Ya mgonjwa!" Ilinisaidia kuliko mafunzo yote.

Mtoto alimaliza dozi. Asubuhi aliyomeza kidonge cha mwisho alifumbua mdomo mwenyewe, akainua ulimi, kisha akakimbia kuwafuata wenzake, na mimi nikasimama barazani nikisikiliza tu asivyokohoa.

Mchana ule bibi alikuja peke yake. Nilishangaa, maana sikuwahi kumwona bila msafara wake. Alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa ya mgando na kikombe cha bati. Akaingia chumba cha dawa, akafunga mlango kwa mguu, akamimina. Nikafanya kama nilivyofundishwa na kijiji kile: nikatafuta kikombe cha pili ili tunywe wote, nikasema na watoto tuwaite.

Akanishika mkono. Akatazama mlangoni kwanza, kama mtu anayeogopa kusikiwa na katibu.

"Umekonda, mwanangu," akanong'ona. "Hii haina ujamaa. Kunywa mbele yangu."

Nikanywa kikombe cha kwanza, akamimina cha pili, na cha tatu, mpaka kibuyu kikaisha. Kisha akaniambia nifumbue mdomo.