Kocha Aliyemwita Mwanangu Ng'ombe

Juzi nilikuwa napepeta choroko, redio iko dirishani, nikasikia wanamtangaza yule kocha. Timu moja kubwa ya pwani, yenye mashabiki wengi na vikombe vya zamani, imeshika mkia, na wamekwenda kumchukua yeye aje aiokoe. Mtangazaji akamuuliza kwa adabu, "Mwalimu, mashabiki watarajie nini?" Akajibu, "Watarajie mpira. Au walikuwa wanatarajia pilau?" Nilicheka mpaka ungo ukaniponyoka, choroko zikamwagika, kuku wakanufaika.

Namfahamu mtu huyo. Jina lake ninalo, na la baba yake ninalo, kama nilivyo na majina ya wachezaji wote wa timu yetu wa mwaka ule, kuanzia golini mpaka waliokuwa wanakaa benchi. Shule nilitolewa darasa la tatu nikachunge ndama, kwa hiyo majina ya watu ndiyo masomo niliyobaki nayo. Lakini humu siandiki hata moja. Wenyewe wako hai, na Bariadi ni mji mdogo. Mtu ukimtaja asubuhi, saa sita anapiga hodi.

Alipokuja kwetu, timu yetu ilikuwa inafungwa nyumbani, inafungwa ugenini. Na hiyo ndiyo timu kubwa ya mkoa. Siku ya mechi watu walikuwa wanatoka Maswa, wanatoka Meatu, wengine mpaka Kalemela kule ziwani, wanakuja na samaki wao wa kukaanga kwenye ndoo. Msimu ule wakaanza kurudi nyumbani kabla mpira haujaisha. Viongozi wakawaondoa makocha wawili, halafu wakasema hakuna namna, tumlete yule. Sifa zake zilikuwa zimeshatangulia: kila timu aliyoishika ilipona, na kila iliyopona ilimfukuza kwa sababu ya mdomo wake.

Siku ya kwanza viongozi walijipanga uwanjani kumpokea, na mashati yao wamepiga pasi. Akapita mbele yao kama anapita mbele ya mahindi. Mmoja akanyoosha mkono. Yeye akasema, "Hizo salamu mtanipa tukishinda." Kwetu sisi Wasukuma salamu ni safari. Unauliza watu, unauliza ng'ombe, unauliza mvua. Mtu akikupita bila salamu utafikiri ana msiba, au ana wazimu. Jirani yangu, mama anayeuza dagaa sokoni, alishuhudia yale akasema, "Huyu si mtu, ni mkonge. Ukimsogelea anakuchoma, ukimwacha anakuzibia njia." Tangu hapo sokoni akawa anaitwa mkonge, na nadhani alijua, na nadhani alipenda.

Mimi nilimwona kila siku kwa sababu uwanja wao wa mazoezi unapakana na kaya yangu. Katikati kuna ua wa minyaa tu. Na nilikuwa na sababu ya kumwangalia. Golikipa wa timu ile ni mwanangu wa mwisho.

Huyu mtoto alidaka tangu yuko mdogo, tulikuwa tunamrushia maboga naye anadaka. Lakini msimu ule mambo yalimgeuka. Asubuhi moja kwenye mazoezi ulipigwa mpira mwepesi, hata mimi mwenye magoti mabovu ningeuzuia, ukapita chini ya mkono wake. Kocha akatoka pale alipokuwa amesimama, akavuka uwanja mzima polepole, akasimama mbele yake. Akapaza sauti, nikasikia mpaka jikoni.

"Ng'ombe wee! Umesimama hapo unatafuna nini?"

Wenzake wakacheka. Sio wote, lakini wa kutosha. Akavuliwa glovu palepale, akapewa mwingine.

Mwanangu alirudi nyumbani, akaingia ndani, akalala ameelekea ukutani. Kesho yake hakwenda mazoezini, keshokutwa hakwenda. Ugali nikimwekea naukuta vilevile, umeshika ngozi juu. Nikimwita mimi mama yake anasema, "Mayu, niache." Halafu nikaanza kumsikia anaongea na simu, anaongea na mtu aliyesoma naye, ambaye sasa ana shimo lake kwenye machimbo ya dhahabu. Duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita hilo shimo. Nikasikia anasema, "Jumatatu nitakuwa hapo. Mpira basi."

Hapo nikaacha kazi nikamfuata pale alipolala. Maana kaka yake alikwenda hukohuko. Alishuka duarani na wenzake, udongo ukakatika, na wale wa juu walichimba mpaka wakachoka. Tulikaa matanga bila mwili. Tuliweka chini shati lake na kiatu kimoja. Mtu ambaye hajazika shati hajui ninachosema. Nilimwambia huyu wa mwisho nisimsikie akitaja duara tena. Akanijibu, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonitisha: "Mayu, nitafanya nini kingine? Nimeshaambiwa mimi ni ng'ombe mbele ya watu."

Ijumaa nilikuwa nje nageuza michembe, vile viazi vitamu tunavyokata na kuanika juani tule kiangazi. Nilikuwa nimevitandaza vizuri juu ya turubai. Ghafla mpira ukatoka uwanjani, ukaruka minyaa, ukatua katikati ya michembe yangu, pwaa! Vipande vikaruka huku na huku. Kawaida wangekuja vijana kuuchukua, wakaomba radhi, nikawapa maji. Siku hiyo naona walikuwa wameshakosea sana, kocha akaja mwenyewe, amenuna, amepita kwenye pengo la ua bila hodi. Filimbi shingoni.

Nikamwambia, "Mwangaluka, bhabha."

"Mpira wangu."

"Nimekusalimia."

"Na mimi nimekuja kuchukua mpira. Kila mtu na lake."

Wachezaji walikuwa wamejaa nyuma ya minyaa. Mmoja wao ananipungia mkono ninyamaze. Nikauokota mpira, nikaupangusa kwa kanga.

"Kwenu wapi?" nikamuuliza.

"Bibi, mimi sikuja kuhojiwa. Nimewakimbia waandishi wa habari, sasa nimekutana na wewe."

"Nakuuliza kwenu."

"Pwani."

"Pwani ni kubwa."

"Mzaramo! Mzaramo wa Kisarawe. Umeridhika? Nipe mpira."

Jamani, nilijisikia kama mtu aliyetua mtungi. Mzaramo! Mzaramo na Msukuma ni watani, tangu enzi za mababu waliokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani kwa miguu. Mtani ukimtukana hakasiriki, ukichukua kitu chake hawezi kukushitaki, mpaka akigomboe. Mtu yule ambaye mji mzima ulikuwa unamwogopa, kumbe mimi nina ruhusa naye. Nikauweka mpira chini nikaukalia.

"Mtani wangu wee!" nikamwambia. "Msimu mzima unanipigia kelele mlangoni kwangu, kumbe ni mtani! Ninyi mliouza viwanja vya Dar es Salaam nzima, hela mkazimalizia kwenye ngoma, leo mmekuja kuuza na timu yetu?"

Nyuma ya minyaa vijana wakarudi hatua, kama watu wameona nyoka. Kocha akanitazama. Akautazama mpira, yaani ule upande wake uliokuwa unaonekana. Halafu uso wake ukafanya kitu ambacho naona haukuwa umekizoea, pembe za mdomo zikaanza kupanda.

"Tuliuza, sawa," akasema. "Na wanunuzi ni nani? Si ninyi? Msukuma akifika feri anauziwa meli, anauliza inakula majani gani!"

"Inakula Wazaramo!"

Wale vijana wakaangua kicheko. Na yeye akacheka. Kicheko chenyewe kibovu, kama mlango usiotiwa mafuta, lakini kilikuwa kicheko.

"Haya bibi, shuka kwenye mpira wangu."

"Ugomboe kwanza."

"Kwa nini?"

"Kwa jibu. Wewe ndiye uliyemwita mwanangu ng'ombe?"

"Nimewaita wengi. Wako ni yupi?"

"Golikipa."

Kicheko kikakatika. Akageuka akawafukuza wale vijana kwa filimbi, wakakimbia kuzunguka uwanja. Akarudi akachuchumaa pembeni ya turubai, akachukua kipande cha mchembe akakitafuna bila kuomba. Kwa mtani hilo si kosa.

"Yuko wapi?" akauliza. "Nilifikiri anaumwa."

"Yuko ndani. Jumatatu anakwenda duarani. Kaka yake alikwenda hakurudi, hata mwili hatukuupata." Nikarudisha kwenye turubai kipande cha mchembe kilichokuwa karibu. "Mtani, umemwita ng'ombe, sawa, hapa kwetu ng'ombe si kitu kidogo. Na ng'ombe anachapwa, kesho anakwenda malishoni vilevile. Lakini jioni akifika kwenye zizi asifunguliwe, mtani, anayempokea huko nje ni fisi."

Hakusema samahani. Nataka iandikwe hivyo, maana jirani yangu akisimulia huwa anaongeza kwamba kocha alilia. Hakulia. Alimaliza kutafuna, akasimama, akaenda mpaka kwenye mlango wa nyumba yangu, akapiga bati kwa kiganja.

"Golikipa! Nani amekupa likizo?"

Akapiga tena.

"Toka, nisije nikaingia chumbani kwa watu!"

Mwanangu akatoka kifua wazi, macho yamevimba kwa kulala. Akasimama kizingitini.

"Umeniita ng'ombe," akasema.

"Na kesho nitakuita punda. Mguu wa kushoto unauchelewesha, ndiyo maana mpira unapita. Nimekuona tangu siku ya kwanza."

"Mbele ya wenzangu."

"Sasa nikuite nyuma ya nani?" Halafu akashusha sauti, ikabidi nijivute na mpira wangu ili nisikie. "Sikiliza. Mchezaji niliyemkatia tamaa simwambii kitu. Huyo namwambia asante, vizuri, pole, kaa hapo. Umewahi kunisikia nikikwambia vizuri?"

"Hapana."

"Basi. Siku nikinyamaza, ndiyo uende hilo shimo lako."

Akanigeukia. "Nimegomboa?"

Nikainuka kwenye mpira. Nikaupangusa tena kwa kanga. Akauchukua akaondoka, na salamu yangu hakuijibu mpaka leo.

Mwanangu alikaa kizingitini muda mrefu. Mimi niligeuza michembe ambayo nilikuwa nimeshaigeuza. Jioni akaoga, akachukua viatu vyake vya mpira, akapita pale penye pengo. Sikumuuliza kitu. Ilikuwa ni Ijumaa, na Jumatatu ilikuwa bado iko palepale.

Jumapili ilikuwa mechi ya mwisho. Tukifungwa tunashuka daraja, tukitoka sare tunabaki. Baada ya ibada jirani yangu wa dagaa akanishika mkono, tukaenda uwanjani, mimi ambaye sijawahi kukaa jukwaani maisha yangu yote. Nikamwona mwanangu golini. Nilimshukuru Mungu, na papo hapo nikaogopa zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na mahali pa kuanguka.

Haukuchukua muda. Wageni wakapiga mpira wa juu, yeye akatoka, akaukosa kidogo tu, ukaingia. Mwanangu akabaki amepiga magoti. Wala sikumtazama yeye, nilimtazama kocha. Alikuwa amesimama, mikono nyuma, amefunga mdomo. Amenyamaza. Nikahesabu moyoni mwangu, sema, sema, sema basi wewe Mzaramo. Amenyamaza! Nikaona shati lingine linawekwa kaburini.

Ndipo akajaza kifua.

"Ng'ombe weeee! Huo mguu wa kushoto umeukopa wapi? Simama!"

Nikakaa chini kwa furaha. Jirani yangu akanishika bega, amekasirika. "Dada, unasikia? Anamtukana mwanao mbele ya mkoa mzima!"

"Mwache amtukane," nikamwambia. "Mwache mwanaume wa watu amtukane."

Na mwanangu nilimwona akisimama. Akapiga viganja pamoja, akawapigia kelele mabeki wake. Mipira mingine iliyokuja aliipata, mmoja aliutoa kwa huo mguu wa kushoto. Kipindi cha pili kijana wetu mmoja mwenye miguu ya kinyonga akafunga goli baya sana, lililogonga goti, sijui na mgongo wa nani, likajikokota mpaka ndani. Sare. Tukabaki daraja letu. Watu walikumbatiana na watu wasiowadai wala kuwajua. Kocha alipofuatwa na waandishi aliwaambia, "Timu bado mbovu. Kuna swali lingine la kijinga?" Akapanda gari.

Jumatatu asubuhi nilikuwa jikoni, mlango wazi. Mwanangu alikuwa nje anatengeneza mpini wa jembe. Simu ikaita. Nilijua ni nani kwa jinsi alivyoitazama kabla ya kuipokea. Nikaacha kukoroga uji.

"Ndiyo," akasema. "Hapana... Hapana, ndugu yangu, siji. Tafuta mwingine. Tuna mazoezi." Kisha akasikiliza, akacheka. "Ndiyo, huyohuyo. Jana ameniita punda pia."

Akaweka simu mfukoni akaingia jikoni, akauliza kama kuna mtindi. Nikamwambia upo kwenye kibuyu pale pembeni, ajimiminie mwenyewe, maana mimi nilikuwa nauokoa uji ulioanza kuungua.