Picha Mbele ya Mlango wa Jirani

Nyumba yetu pale Kibirichia ni ya mawe, na baba alikuwa na pikapu ya kubebea viazi. Karo yangu ya chuo kikuu angeilipa bila kuuza hata ndama. Lakini fomu za basari, ule msaada wa karo kwa watoto wa maskini, zilipotoka, aliona ni ujinga kuziacha pesa za bure zipite.

Fomu ilitaka barua ya chifu na picha ya mwombaji akiwa mbele ya nyumba yao. Chifu alikuwa rafiki wa baba, kwa hiyo barua haikuwa shida. Kwa picha, baba alinipeleka kwa jirani yetu, mjane aliyekuwa kibarua wa shamba la maua Timau. Nyumba yake ilikuwa ya mbao zilizooza, mianya imezibwa kwa magunia.

"Mama, ni picha tu ya mambo ya shule," baba akamwambia, akamwachia debe la viazi.

Akanivua koti, akaazima sweta ya binti wa mjane, iliyotoboka viwiko. Nikajikunyata mlangoni, nikalegeza uso nionekane nina njaa. Nikiukumbuka uso ule, nasikia kinyaa. Sweta tukaenda nayo. Baba alisema itahitajika tena.

Basari nikapata.

Mwaka uliofuata binti yule akapata matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, akanipita alama kwa mbali, akaitwa chuo kusomea uuguzi. Bila basari asingeenda. Akaniomba nimsindikize kupeleka fomu, maana mimi nilizijua ofisi zile.

Karani aliiangalia picha yake, akachomoa faili nyingine kabatini.

"Hii nyumba tunajua. Last year ililetwa na msichana mwingine. Mnatuona sisi wajinga?"

Akaiweka picha yangu kando ya yake. Mlango ule ule, magunia yale yale. Karani hakunitambua, kwa vile nilikuwa nimenenepa na kusuka nywele. Binti alinitambua. Akanigeukia, akangoja niseme.

Basari yangu ya mwaka wa pili ilikuwa bado haijatoka. Nikatazama sakafu, na karani akaandika "udanganyifu" kwa wino mwekundu juu ya fomu yake.

Siku hizi anafunga maua Timau pamoja na mamake. Siku ile, tulipotoka nje, nilitamani anitukane. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Sweta yangu bado uko nayo?"

Nilikuwa nayo.