Nilivyopaka programu moja rangi ya zulia la msikiti, karibu nipoteze majina ya marehemu wetu

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho ya kuona na subira pale yanapochoka.

Wakuu, salaam. Vijana mlionipa shikamoo kwenye uzi wangu uliopita, marahaba. Na yule aliyeniambia "mzee, Linux utaiweza wapi", marahaba na wewe. Haya ninayosimulia yamenikuta mwenyewe, hapa Miyuji, Dodoma, na sijaongeza chumvi.

Mke wangu, Mama Zuhura, ndiye anayetunza majina ya marehemu wa koo zetu mbili, tangu enzi za kwetu Kondoa. Kila Shaabani tukisoma hitma, majina hayo husomwa kwenye dua. Waliokuwa wakiyajua wametangulia, amebaki yeye.

Daftari lake lililiwa na mchwa. Wenyeji wa Dodoma mnawajua mchwa wetu, hawabagui kitabu. Ndipo akasema atayaandika kwenye laptop yetu ya zamani.

Shida ni macho. Skrini nyeupe inamtoa machozi, kwa hiyo niliweka theme, yaani seti ya mwonekano wa skrini, ya kijani kilichokolea na herufi kubwa. Kila kitu kikapendeza, isipokuwa programu anayoipenda ya kuandikia. Yenyewe ilibaki nyeupe pee, kama mtu aliyekuja msibani na nguo za harusi.

Kwa wageni: laptop yetu inaendeshwa na Linux badala ya Windows, na programu nyingi za Linux zimezaliwa katika koo mbili, GTK na Qt. Theme yangu ilikuwa ya GTK, programu yake ni ya Qt. Koo hazisikilizani.

Badala ya kuuliza humu, nikajifanya fundi. Nikapiga picha zulia la msikiti wetu, nikachukua kijani chake, nikaandika mstari mmoja wa maagizo wa kuilazimisha programu iwe na rangi ile nyuma ya maandishi. Siku tatu nikawa nakoleza na kupunguza.

"Mwalimu," akaniuliza, "unatengeneza kompyuta au unaifuma?"

Siku ya nne nikamwita aone. Ilikuwa nzuri, wakuu. Lakini niliijaribu kwa kuitazama, sikuandika hata herufi moja.

Baada ya alasiri akakaa kuandika. Mama Zuhura alikuwa mpiga chapa wa ofisi za serikali miaka mingi, haangalii vidole wala skrini. Hufumba macho, midomo ikitaja majina, vidole vikikimbia. Mimi nilikuwa pembeni na tasbihi yangu, nikijisifu kimoyomoyo. Mungu anisamehe.

Alipofumbua macho, skrini ilikuwa kijani kitupu.

"Mwalimu, watu wangu wako wapi?"

Nikatazama. Hakuna hata nukta.

"Siwezi kuyarudia," akasema taratibu. "Yamekuja yenyewe leo, hata ya ndugu wa kijijini Kolo niliyokuwa nimeyasahau."

Nikafanya lile tunalofanya wote tukiishiwa elimu. Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzima, nizime niwashe.

Akanishika mkono. "Usizime! Taipureta utepe ukikauka wino, herufi bado zinagonga karatasi. Tulikuwa tunainua karatasi kwenye mwanga, tunasoma alama. Hebu tafuta alama."

Nikashika mouse, nikaivuta kuanzia juu kana kwamba nachagua maneno. Pale palipochaguliwa pakawa bluu, na juu ya bluu yakatokea maandishi meupe. Mama yangu mzazi. Baba yake. Shangazi Tatu wa Kolo. Wote walikuwepo. Nilibadilisha rangi ya nyuma nikasahau ya herufi, basi herufi zilibaki nyeusi juu ya kijani nilichokikoleza hadi karibu kiwe cheusi.

Nikabonyeza Ctrl+S mara tano, kuyahifadhi.

Kisha nikaendelea kuvuta hadi chini kabisa. Baada ya jina la mwisho aliruka mistari miwili, akaandika hivi:

"Waliobaki: Mwalimu. Bado anapaka rangi kompyuta. Mungu ampe umri wa kuimaliza."

Nikamtazama. Alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, na safari hii si ya skrini. Alikuwa anacheka.

Nilifuta mstari wangu siku ileile. Mwanachama mmoja humu alinielekeza kwenye qt6ct, programu ndogo inayozipangia rangi programu za Qt. Nikachagua seti ya rangi za giza iliyo kamili, yenye rangi ya nyuma na ya herufi pamoja. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kijani si kile cha zulia, lakini anasoma bila machozi.

Nilichojifunza: ukigusa rangi ya nyuma, gusa na ya herufi. Ukimaliza, andika kitu kabla hujamwita mke wako. Na skrini ikikuonyesha utupu, save kwanza, kisha utafute. Mimi nilikuwa tayari kuwafuta wazee wangu kwa sababu tu siwaoni.

Orodha sasa iko kwenye laptop, kwenye flash, na kwenye karatasi ndani ya kopo la biskuti. Mchwa wajaribu.

Imebaki programu moja ambayo menyu yake ingali nyeupe. Anayejua dawa yake aseme, na anayetaka kunicheka acheke, zamu yenu baada ya Mama Zuhura.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akuhifadhie macho yako, awarehemu waliokutangulia, na akupe mtu wa kukushika mkono kabla hujazima.

Amin.