Doa Ambalo Mama Pasi Hakulijua

Ukitaka kumkasirisha Mama Pasi, mwambie kuna doa halitoki. Atakutazama kuanzia unyayoni mpaka utosini, ataweka mikono kiunoni, kisha atakunyang'anya hiyo nguo. Amefanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kwa miaka kumi na tisa, na madoa yote anayajua kwa tabia zao. Damu inataka maji baridi, na ole wako uitie ya moto. Mafuta yanataka sabuni ya kipande na subira. Chai, mvinyo, jasho, rangi ya midomo, vyote anavitambua kabla shuka halijatua mezani, na mara nyingi anamtambua hata aliyelilalia ni mtu wa namna gani, ila hayo huwa hayasemi. Tuseme hayasemi sana.

Mkojo ndio uliompa jina. Shuka la kikojozi linaweza kutoka kwenye mashine jeupe, likakudanganya. Mama Pasi hulipitishia pasi ya moto, akainamisha pua, na kama halijafuliwa vizuri harufu inaamka palepale na ukingo wa njano unajitokeza. Amewahi kurudisha mashuka arobaini kwa sababu ya moja, mbele ya meneja, bila kupepesa macho.

Alikuwa na miaka arobaini na saba alipoolewa mara ya pili. Mume wa kwanza, baba wa watoto wake watatu, aliishi naye miaka ishirini na miwili. Alikuwa mtu wa kazi na wa maneno machache, na mambo ya chumbani aliyamaliza kama mtu anayewahi basi. Alipofariki, Mama Pasi alimlilia kwa haki. Wa pili ni fundi wa majokofu, mjane, mtu wa vicheko, asiye na haraka na kitu chochote duniani. Aliitwa hotelini kutengeneza mashine ya barafu. Kazi ya siku moja ikamchukua siku nne, na wafuaji wote waliona kilichokuwa kinamchelewesha.

Mwezi wa pili wa ndoa, asubuhi, Mama Pasi aliona shuka limelowa upande wake. Si unyevu wa kubahatisha, limelowa. Hakuhitaji hata dakika mbili kutoa hukumu. Watoto watatu, uzazi wa mwisho ulikuwa mgumu, umri nao unasogea: kibofu kimelegea. Yeye anayewanusa vikojozi wa watu sasa ni kikojozi mwenyewe. Alilivua shuka fundi akiwa bado bafuni, akalifua na kulianika kabla ya chai.

Jambo likajirudia, na kila lilipojirudia alifua. Akaacha kunywa maji tangu saa sita mchana, akawa anaona kizunguzungu kazini, na shuka likalowa vilevile. Basi, kwa kuwa lililowa usiku wa tendo la ndoa tu, akaliacha tendo lenyewe. Leo kichwa, kesho mgongo, keshokutwa uchovu. Mwanamke yule asiyemwogopa meneja alifungwa mdomo na jambo hili moja. Afadhali afe kuliko fundi ajue ameoa mtu wa kutandikiwa nailoni.

Fundi mwanzoni alimkanda mgongo. Wiki zikapita, vicheko vikapungua. Jumatatu moja, wakinywa chai, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuna bohari la vyakula mji wa mbali linatafuta fundi wa vyumba vya baridi, mkataba wa miaka miwili, na ametakiwa kujibu kabla ya Jumamosi. Hakusema kama wataenda wote. Mama Pasi alielewa vizuri sana kwamba mwanamume anamwacha, tena anamwacha kwa adabu.

Akakata shauri amwambie ukweli. Lakini huyu si mtu wa kwenda kwenye kesi bila ushahidi. Shuka la mara ya mwisho alikuwa amelisokomeza kapuni bila kulifua, kwa sababu siku ile alichelewa zamu. Jumatano akalibeba mpaka kazini, akasubiri wenzake waende kula, akawasha pasi. Alipitisha mara ya kwanza, akanusa. Mara ya pili. Mara ya tatu aliigandamiza mpaka kitambaa kikakaribia kuungua. Hakuna kilichoamka. Hakuna njano, hakuna harufu ya mkojo.

Mtu mwingine angefurahi. Mama Pasi alikaa chini juu ya mfuko wa taulo. Doa lolote lililowahi kupita mikononi mwake alilijua, hili halijui. Basi lazima ni kitu kibaya zaidi. Akaomba ruhusa, akaenda zahanati.

Nesi alikuwa rika la mtoto wake wa kwanza, na hilo lilimuudhi kabla hata hajakaa. Alipimwa mkojo, ukaonekana safi. Akaulizwa kuhusu ndoa, akazieleza zote mbili; kisha kuhusu muwasho, maumivu, uchafu wenye rangi au harufu mbaya, damu isiyo ya mwezi, na kama huvuja akikohoa au akicheka. Yote hapana.

"Sasa mama, hayo maji yanatoka wakati gani?"

Mama Pasi alitazama dirisha, akatazama viatu vyake. Akapiga moyo konde.

"Wakati nimesahau jina langu, mwanangu."

Nesi hakucheka, ingawa ilimgharimu. Alichukua kadi, akaigeuza, akamchorea. Alimweleza kwamba mwanamke akipata hamu, damu hukimbilia sehemu za uzazi, kinembe hujaa, na kuta za uke hutoa unyevu ili pasikwaruzike. Kuna tezi mbili ndogo mlangoni zinazoongeza utelezi kidogo, na nyingine kando ya njia ya mkojo ambazo kwa baadhi ya wanawake humwaga majimaji raha inapofika kileleni. Wengine hutoa kijiko, wengine hulowesha kitanda, na sehemu ya maji hayo hupitia kwenye kibofu. Kupitia huko hakumaanishi kwamba kibofu kimeharibika. Wengine hawatoi kabisa, na hawajapungukiwa kitu.

Mama Pasi alihoji kama anavyohoji wauza sabuni. Je, mwanamke akiwa mkavu ndiyo kusema hataki? Hapana, akaambiwa, umri, dawa, kunyonyesha au hofu vinaweza kumkausha anayetaka, na kuna vilainishi vya kumsaidia. Na aliyelowa ndiyo kusema anataka? Hapana vilevile. Mwili unaweza kulowa wenyewe na mwenyewe hataki, kwa hiyo anayetaka kujua aulize mdomo. Akishaona muwasho, harufu mbaya, maumivu au damu, hapo aje mbio.

"Hali hii haikuwahi kukutokea kwa baba watoto?" nesi akauliza.

"Haikuwahi."

"Basi huumwi, mama. Unafurahi."

Mama Pasi alitoka pale amekasirika, na hasira yenyewe hakujua ampelekee nani. Alitembea barabara mbili nzima akiwa nayo. Ya tatu alianza kucheka peke yake, watu wakampisha njia.

Alimkuta fundi mezani, ameinamia barua ya lile bohari, kalamu mkononi. Hakuvua hata viatu. Alivuta kiti akakaa mbele yake, akamweleza yote kwa mpango: kibofu, maji aliyoacha kunywa, mgongo ambao haukuwahi kuuma, pasi, nesi, mchoro. Mchoro aliutoa akauweka juu ya barua. Fundi aliuchukua, akausoma kuanzia juu mpaka chini.

"Kila tulipokutana usiku, asubuhi nikitoka bafuni nilikuta umeshalifua shuka," alisema. "Nilidhani unanifua mimi."

Mama Pasi hakuwa amelifikiria hilo. Alijiona mbinafsi na mjinga kwa pamoja, akamshika mkono wenye kalamu.

"Nisamehe, mume wangu. Nilikuwa naona raha, nikadhani naumwa."

Fundi aliweka kalamu chini.

"Utu uzima wote huu, mke wangu, hukuwahi kuijua?"

"Ningeijulia wapi?" alijibu. "Miaka ishirini na miwili shuka lilikuwa kavu, nikajiita mzima."